Acheni Kuziita Herufi Nene Ushamba

Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu: sisi tunaotengeneza tovuti na programu za simu, pamoja na jamaa zetu wanaobuni nembo.

Naanza na swali. Chukua simu yako, fungua tovuti za biashara tano za hapa Kitengela. Duka la dawa, shule ya chekechea, muuza viwanja, hoteli, muuza maji. Funika jina kwa kidole gumba. Unaweza kuniambia ipi ni ipi? Huwezi. Herufi ni zile zile, nyembamba, za kijivu, juu ya ukurasa mweupe kama ukuta wa hospitali. Zote zimezaliwa na mama mmoja, na mama huyo haishi Kajiado.

Sasa toka nje, simama kando ya barabara ya Namanga. Tazama kuta. Bucha, kinyozi, fundi wa magurudumu, hoteli ya chai na chapati. Fundi wa vibao amepita hapo na brashi yake, akaandika jina kwa herufi nene zenye vimiguu, nyekundu juu ya nyeupe, tena na kivuli cheusi ubavuni. Uko ng'ambo ya barabara, lori la kwenda Tanzania linakatiza mbele yako, vumbi limetanda, na bado umelisoma jina. Umejua hata kama mwenyewe ni mtu wa mzaha au mtu wa dini.

Lakini mwenye bucha hiyo akija kwetu kutaka tovuti, akasema aandikiwe jina kama lilivyo ukutani, tunacheka. Tunamwambia hizo ni herufi za zamani, ni ushamba, dunia imesonga. Tunampa nyembamba. Nasema hivi: hapo hatumsaidii kuwa wa kisasa. Tunamvua uso wake na tunamtoza pesa kwa kazi hiyo.

Kwanza tujue tunabishana juu ya nini

Herufi ninazozitetea zina sifa tatu. Ni nene. Zina serifu, yaani vile vimiguu na vikofia vidogo mwishoni mwa kila mstari wa herufi. Na zimeundwa za kuonekana kubwa: kwenye kichwa cha habari, kibao, pakiti, bango. Hazikuundwa za kusomea kitabu.

Ukoo huu una historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachapaji wa Uingereza walianza kuchonga herufi nene kupita kiasi kwa sababu matangazo yalikuwa yameanza kugombania kuta za miji. Kabla ya hapo herufi nyingi ziliundwa kwa ajili ya kitabu, msomaji ameketi na taa yake. Tangazo halina bahati hiyo. Tangazo husomwa na mtu anayetembea, mwenye haraka, asiyekuwa na haja nalo.

Mjukuu maarufu kuliko wote katika ukoo huu anaitwa Cooper Black. Umemwona hata kama humjui jina, kwa sababu amekaa miaka mingi ndani ya orodha ya fonti za kompyuta zenye Microsoft Office. Aliundwa na Oswald Cooper wa Chicago, akatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi kilichoitwa Barnhart Brothers & Spindler. Pembe zake zimeviringika kama mandazi, vimiguu vyake ni butu, na mwili wake umejaa. Wapo wachapaji waliomchukia tangu siku ya kwanza. Cooper mwenyewe alifanya mzaha kwamba herufi zake ni za wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Mwaka 1966 kundi la Beach Boys liliweka herufi hizo kwenye jalada la Pet Sounds, na tangu mwaka 1995 ndege za easyJet zinaruka na jina lililoandikwa kwa herufi hizo hizo. Kwa hiyo anayesema ni herufi za bucha, na awaambie hivyo abiria wa easyJet.

Nani alituambia wembamba ndio usasa?

Nitakuambia. Septemba 2015 Google ilivua serifu kwenye nembo yake, ikavaa herufi laini zisizo na vimiguu. Kabla yake Airbnb ilikuwa imebadilika mwaka 2014, na kampuni nyingine kubwa zikafuata njia hiyo hiyo. Walikuwa na sababu zao. Nembo moja ilitakiwa ifanye kazi kwenye saa ya mkononi, simu, televisheni na alama ndogo ya kivinjari. Tena tayari walikuwa wanajulikana dunia nzima. Ukishajulikana dunia nzima unaweza kuandika jina lako kwa mkaa na watu watakuja tu.

Sisi tuliiga shati bila kuuliza lilishonewa nani. Muuza maziwa wa Kitengela hana tatizo la Google. Tatizo lake ni kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huu, wengi wao wamehamia juzi, hawamjui, na wanapita mbele ya mlango wake wakiwa ndani ya matatu. Yeye anahitaji kukumbukwa. Herufi isiyokuwa na tabia haimsaidii mtu asiyejulikana.

Na ajabu ni kwamba hao tunaowaiga nao hawatulii. Mwaka 2017 kampuni ya mtindi ya Chobani huko Marekani iliacha herufi zake nyembamba ikachukua serifu nene yenye sura ya kizamani, na wabunifu wengi wakaimba sifa. Herufi hizo hizo ambazo Mmarekani akiziweka kwenye kikombe cha mtindi tunaziita ubunifu, mama wa Isinya akiziweka kwenye mtungi wa mala tunaziita ushamba. Hebu tuoneane aibu kidogo.

Hesabu ya barabara

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ladha tu. Basi tuache ladha, tupige hesabu.

Waandika vibao wana kanuni yao: kila inchi moja ya urefu wa herufi inasomeka vizuri kwa umbali wa futi kumi. Herufi ya sentimita 30 basi inasomeka vizuri ukiwa mita 36 hivi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Maana yake, kutoka pale herufi zinapoanza kusomeka vizuri hadi unapokipita kibao, una chini ya sekunde mbili. Kwa sekunde mbili msomaji anaokota maneno mawili au matatu, basi.

Ongeza hali ya kwetu. Jua la saa saba linalopausha rangi. Udongo mweusi ambao mvua ikinyesha ni tope, ikikatika ni vumbi, na yote mawili huishia ukutani. Bango la plastiki lililochapwa kwa bei nafuu, ambalo baada ya miezi kadhaa wino wake umeanza kukimbia. Mstari mwembamba wa kijivu ukipoteza nusu ya wino wake, hauna tena kitu. Mstari mnene ukipoteza nusu, bado una nusu ya kutosha. Na vile vimiguu vinafanya kazi pia: vinatia nanga mwisho wa kila mstari, hivyo hata rangi ikibanduka jicho linajua herufi iliishia wapi. Tazama shanga za Kimaasai: nyeupe kando ya nyeusi, nyekundu kando ya nyeupe, bila haya. Hizo zimefanywa na watu wanaojua jinsi kitu kinavyoonekana katika uwanda mpana wenye jua kali.

Sasa nageukia upande wa pili

Msishangilie mapema, ninyi mnaopenda herufi nene. Ugomvi wangu una makali mawili.

Maana kuna kosa jingine, na nalo limejaa. Mtu akishaipenda fonti hii anaimwaga kila mahali kama chumvi iliyofunguka kifuniko. Jina nene, bei nene, masharti manene, namba ya simu nene, historia ya kampuni aya nne nzima, zote kwa mwili ule ule. Ukurasa unageuka ukuta mweusi. Msomaji anachoka kabla ya mstari wa tatu.

Sisi Waswahili tulilimaliza jambo hili zamani kwenye kanga. Kanga ina jina lake, maneno machache yaliyoandikwa makubwa pale chini ya mji, na yanasomwa na anayekuja nyuma ya aliyeivaa. Ni wito, ni kijembe, ni dua. Hujawahi kuona kanga yenye masharti ya mkopo. Kila mtu anajua maneno ya kanga ni ya kuita, na mazungumzo marefu yana mahali pake. Herufi nene ni hivyo hivyo. Ni sauti ya manamba anayeita mlangoni mwa matatu. Inafaa sana kuita, lakini safari ikianza hutaki aendelee kukupigia kelele sikioni mpaka Kajiado.

Hili si suala la urembo peke yake, ni suala la pesa. Herufi hupata unene wake kwa kula nafasi iliyo ndani yake, yale matumbo ya a, e na o. Katika tarakimu, wanaoumia ni 3, 6, 8 na 9. Zikiwa kubwa ukutani zinatofautiana vizuri. Zikibanwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kaunta, au kwenye kioo cha simu ya bei ya chini chenye ufa, matumbo yanajaa na 8 inakuwa nduguye 6. Namba ya Lipa na M-Pesa ikiandikwa hivyo, mteja akakosea tarakimu moja, ama malipo yanakataa na foleni inasimama, ama pesa zinakwenda kwa mtu ambaye hajauza hata kitunguu. Tangazo la kiwanja ni vilevile. Namba ya kiwanja ikisomwa vibaya, mtu anaweza kuonyeshwa shamba moja akalipia jingine, na katika Kajiado tunajua kesi za ardhi hazina mwisho wa karibu.

Kwa hiyo sheria yangu ni fupi: herufi nene ya kizamani ibebe jina na neno moja la wito. Namba, bei, tarehe na masharti yaandikwe kwa herufi ya kawaida, safi, yenye tarakimu zisizofanana. Hapo hata zile nyembamba ninazozisema zina kazi yao, na nitazipa heshima yake.

Kwa mafundi wenzangu

Tukishakubaliana hapo, yabaki mambo ya ufundi, maana kazi nzuri inaharibiwa jikoni.

La kwanza. Usiandike jina la Cooper Black kwenye CSS yako ukadhani umemaliza. Kwenye kompyuta yako ipo kwa sababu umeweka Office. Kwenye simu ya Android ya mteja haipo, na kivinjari kitaweka chochote kilicho karibu. Wala usilichukue faili lake ukalipandisha kwenye seva yako, leseni ya fonti zinazokuja na Windows na Office hairuhusu. Zipo fonti za ukoo huu zenye leseni huria. Abril Fatface ni mojawapo, nene na yenye madaha. Fraunces ni nyingine, na waliyoiunda wanasema wazi kwamba imepokea damu ya Cooper, Windsor na Souvenir. Zote mbili hazina malipo, na unaziweka kwenye seva yako bila kuogopa barua ya wakili.

La pili ni unene wa bandia. Fonti kama Abril Fatface ina unene mmoja tu. Lakini vivinjari kwa desturi yake hukiandika kichwa cha h1 kwa unene wa ziada. Kikikosa faili la unene huo, kivinjari kinajitengenezea chenyewe kwa kuipaka herufi mafuta pande zote. Matumbo yanaziba, vimiguu vinagusana, na mteja anakuja kulalamika kwamba fonti ni mbaya. Fonti haina kosa. Andika font-weight: 400 kwenye kichwa hicho, au font-synthesis: none, uone tofauti.

La tatu, ukubwa. Herufi nzuri ya senti hamsini ukutani si nzuri ya punje kwenye simu. Zamani za risasi, wachonga herufi walichonga kila ukubwa peke yake: ndogo zilipewa matumbo mapana na miguu imara, kubwa zikapewa madaha. Kompyuta ilipokuja tukawa tunavuta umbo moja kama mpira. Fraunces inaturudishia ufundi huo, kwa sababu ndani ya faili moja umbo lenyewe hubadilika kufuata ukubwa. Kitumie. Na usiishushe fonti ya kichwa chini ya pikseli 24, haijalishi mteja ameomba nini.

La nne, na hili ndilo linaloniuma, ni lugha. Kabla ya kuchagua fonti yoyote kwa kazi ya hapa, andika neno ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe, mnyama aliyeijenga Kajiado. Katika fonti nene nyingi, kile kiritifaa hukaa kama jiwe lililodondoka kati ya g na o, na shimo linabaki chini yake, hata neno linasomeka kama maneno mawili. Rekebisha nafasi hiyo kwa mkono kwenye nembo. Tumia pia alama iliyopinda, U+2019, usitumie ile ya wima ya kibodi, ambayo katika herufi nene huonekana kama msumari.

Kisha andika Kimaasai. Kimaasai kina irabu tisa, na wataalamu huziandika kwa kuongeza ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, tena kuna konsonanti ŋ, kama katika olŋatuny, yaani simba. Herufi hizi zina namba zake katika Unicode, hazikosekani katika dunia ya kompyuta. Zinazokosekana ni ndani ya fonti nyingi za mapambo, kwa sababu waliozichora hawakumfikiria mtu wa Bissil. Fonti ikikosa ŋ, kivinjari kinaazima kutoka fonti nyingine, na katikati ya jina nene anasimama mgeni mwembamba kama mtu aliyevaa viatu visivyolingana. Kikundi cha akina mama wanaouza shanga kikiona jina lao limechapwa hivyo kwenye pakiti, wanajifunza jambo moja tu: kwamba herufi nzuri hazikutengenezewa lugha yao. Basi wanaandika jina kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo lugha inavyofukuzwa sokoni, bila mtu kupitisha sheria. Fonti huria zina dawa hapa pia. Leseni yake inaruhusu kuifungua na kuongeza herufi zinazokosekana. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira, na ukiirudisha kwa jamii, mtu wa Narok na wa Arusha atafaidi.

Uso ni mali

Turudi kwa mwenye bucha. Jina lake ukutani limekaa miaka. Watoto wanaotumwa nyama wanalijua kabla ya kujua kusoma, wanalijua kwa umbo. Huo ni utajiri ambao hakulipia hata shilingi kwa mtu wa matangazo. Kazi yako ni kuuhamisha utajiri huo kutoka ukutani hadi kwenye simu ukiwa mzima. Piga picha kibao. Mtafute fundi aliyekiandika, muulize kwa nini R yake ina mguu mrefu. Mlipe akuandikie jina upya juu ya karatasi, kisha lichore kwenye kompyuta. Utakuwa na nembo isiyofanana na yoyote duniani, na fundi wa brashi, ambaye mashine za mabango zinamnyang'anya kazi kila siku, atakuwa amekula.

Tena kuna usalama ndani yake. Matapeli wanapenda tovuti zinazofanana, kwa sababu kuiga sura isiyo na sura ni kazi ya dakika kumi. Mteja aliyezoea jina lenye mwili na vimiguu vyake atashtuka akiletewa ukurasa wa kijivu unaomwomba atume pesa.

Mwenzangu unayeandika tovuti hapa Kitengela, mteja akija na picha ya kibao chake kwenye simu, usicheke. Mwambie akae, mwagizie chai, kisha mwambie akuonyeshe jina lake kwa ukaribu. Halafu namba ya simu mwandikie kwa herufi ya kawaida. Anayebisha na aje na hesabu zake.